Barafu ya kaunti: stima ya mwaka wa pili italipwa na nani?

Kwa kaunti kama yetu ya Lamu, kununua mashine ya barafu ya kuhifadhi samaki wa wavuvi si kazi ngumu. Kifungu kipo kwenye bajeti, zabuni hutangazwa, lori hufika gatini Mokowe, upande wa bara, mzigo huvushwa, utepe hukatwa na picha hupigwa. Mashine hufa baadaye, kimyakimya. Mara nyingi si kwa kuvunjika chombo kikubwa ndani yake. Tokeni za stima zimekwisha Ijumaa, na hakuna mtu aliyepewa ruhusa kwa maandishi kununua nyingine kabla ya Jumatatu, au kabla ya robo ya mwaka ijayo. Maandishi hayo ndiyo ninayotaka tuyaangalie, kwa kuwa karibu kila pesa ya umma inayoingia kwenye biashara ya mtu binafsi hapa Lamu husimama au huanguka kwa ajili yake.

Kwanza tuondoe wasiwasi mmoja. Kaunti kuwasaidia wafanyabiashara si haramu wala si upendeleo wa kificho. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti kilimo, na uvuvi umo ndani yake. Limezipa masoko, leseni za biashara, vyama vya ushirika na utalii wa mahali. Kwa hiyo mvuvi wa Kizingitini, mkulima wa Mpeketoni na mwenye nyumba ya wageni mtaani Langoni wote wana haki ya kuitazama kaunti. Ila sufuria ni ndogo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 Lamu nzima, na mgao wetu kutoka hazina ya taifa mwaka wa fedha 2021/22 ulikuwa kama shilingi bilioni 3.1, mdogo kuliko wa kaunti nyingine yoyote. Toa mishahara, toa dawa, toa mafuta ya boti za serikali. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo, na humo ndimo mashine ya barafu inamogombania nafasi na barabara na zahanati.

Sasa tuihesabu mashine yenyewe. Bei nitakazotaja ni za mfano. Weka zako za leo, hesabu haibadiliki sura.

Mashine ya barafu ya vipande vidogo, katika joto la pwani, hula kati ya yuniti 70 na 85 za stima kwa kila tani. Iliyochoka hula zaidi. Chukua mashine ya tani 3 kwa siku, yuniti 80 kwa tani, na tuseme yuniti moja ni shilingi 20. Mwezi wa kaskazi, vyombo vyote baharini, mashine ikauza tani 90: stima ni shilingi 144,000. Ongeza wahudumu wawili na mlinzi kwa 18,000 kila mmoja, hiyo ni 54,000. Weka kando 30,000 kwa gesi, mafuta ya kompresa (pampu inayokandamiza gesi ya ubaridi) na nauli ya fundi kutoka Mombasa. Jumla 228,000. Kilo moja ya barafu imekugharimu shilingi 2.53.

Ukija msimu wa kusi bahari huchafuka, vyombo vidogo hukaa ufuoni, na mauzo hushuka hadi tani 25. Stima sasa ni 40,000 tu, lakini mlinzi halindi nusu na fundi hapunguzi nauli. Jumla 124,000. Kilo ile ile imekuwa karibu shilingi 5.

Kisha mkutano wa hadhara hupanga bei: shilingi 3, ili mvuvi apumue. Mwezi mzuri wa kaskazi utabakiza faida ya 42,000. Mwezi mbaya wa kusi utakula 49,000. Mashine inaweza kuishi, basi, ikiwa faida ya kaskazi itawekwa mahali na kuingojea kusi. Maji sijayatia bado.

Na mahali pa kuiwekea ndipo penye shida. Ibara ya 207 ya Katiba inasema pesa zote zinazokusanywa na kaunti ziingie kwenye Mfuko wa Mapato wa Kaunti, isipokuwa zile zilizotengwa na sheria ya Bunge. Na hazitoki humo bila bajeti iliyopitishwa na bunge la kaunti, na bila idhini ya Mdhibiti wa Bajeti. Kusudio ni zuri: watu wasikusanye na kutumia papo hapo. Lakini tazama linavyoigusa barafu. Mfanyakazi wa kaunti akiuza kilo 900 leo asubuhi, zile 2,700 si za mashine tena. Zimekwenda kwenye mfuko mkuu pamoja na ada ya maegesho na leseni za maduka. Kompresa ikilia mwezi wa Julai, fundi atalipwa kutoka kifungu cha ukarabati, kama kilitiwa, na kama mgao wa Nairobi umefika. Mgao huchelewa. Kwa hiyo mashine inayojilipia kwa hesabu hufungwa kwa kukosa shilingi elfu thelathini, na watu husema wavuvi wa Lamu hawajui kutunza mali. Si kweli. Pesa ya matunzo ilichukuliwa na sheria siku ileile ilipoingia.

Njia za kutoka hapo zipo, hazizidi tatu za maana.

Ya kwanza ni kuikabidhi BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo wao, mashine kwa mkataba wa uendeshaji. BMU imesajiliwa, ina akaunti ya benki, na mapato yake hayapiti mfuko wa kaunti. Hii ndiyo inayopendwa, na hufeli mara nyingi kwa sababu mkataba huwa ukurasa mmoja wa shukrani. Mkataba wa kweli husema mita ya stima imeandikwa jina la nani, kwa sababu deni humfuata mwenye jina. Husema matengenezo chini ya kiasi fulani, tuseme 50,000, ni ya BMU na yaliyozidi ni ya kaunti, na kaunti itakuja ndani ya siku ngapi. Husema kila kilo inayouzwa ikatwe senti 50 ziingie akaunti ya pili isiyoguswa ila kwa sahihi tatu, mojawapo ikiwa ya mtu asiye mjumbe wa kamati. Na husema uchaguzi wa BMU ukibadilisha viongozi, vitabu vinakabidhiwa vipi. Kifungu hicho cha mwisho huonekana kidogo hadi siku mwenyekiti wa zamani anapokaa na funguo.

Ya pili ni kumkodishia mfanyabiashara mashine kwa zabuni. Kaunti hubaki na umiliki, mkodishaji hulipa kodi, huajiri, hutengeneza, na bei ya barafu kwa mvuvi huwekewa kikomo kwenye mkataba. Watu huiona kama kumpa tajiri mali ya umma. Mimi naiona kuwa ndiyo safi kuliko zote, kwa masharti mawili: kikomo cha bei kiwe kinapanda na kushuka pamoja na bei ya stima, la sivyo mkodishaji atafunga mlango mara ya kwanza tarifa ikipanda, na kiwanja kiwe na hati. Mashine iliyojengewa ufuoni kwenye ardhi isiyo na hati huwezi kuikodisha kwa mkataba utakaosimama mahakamani, na hapa kwetu habari ya hati kila mtu anaijua.

Ya tatu ni kuunda mfuko maalumu chini ya kifungu cha 116 cha sheria ile ya fedha za umma ya 2012, uidhinishwe na bunge la kaunti. Kwa mashine moja ni nyundo kubwa kwa msumari mdogo. Kwa mashine sita, zenye fundi mmoja wa kudumu na ghala la vipuri Mokowe, ingeleta maana.

Kisha kuna swali la nani hasa anapata ruzuku. Barafu ikiuzwa shilingi 3 ilhali gharama ya kusi ni 5, kuna mtu anayetia mfukoni shilingi 2. Ni mvuvi? Hapa joto ni kali, na mvuvi anayekaa baharini siku tatu anahitaji karibu kilo moja ya barafu kwa kila kilo ya samaki, ndani ya sanduku lililotiwa povu la kuzuia joto. Akitaka kurudi na kilo 200 za changu na tafi, aondoke na kilo 200 za barafu: shilingi 600, pamoja na mafuta na chakula, kabla hajapata hata samaki mmoja. Wengi hawana. Anayo tajiri, yaani mnunuzi anayemkopesha nyavu, mafuta na barafu, kisha humchukulia samaki kwa bei yake. Mashine ya kaunti ikiuza kwa taslimu tu, atakayefika alfajiri na toroli ni tajiri. Atachukua tani nzima kwa bei ya ruzuku na kuikopesha kwa bei ya zamani. Pesa ya umma imemfikia mfanyabiashara binafsi kweli, ila si yule aliyetajwa kwenye hotuba.

Tajiri si adui. Hasara ya chombo kurudi mikono mitupu huibeba yeye. Lakini bei mbili zinawezekana. Chombo kilichoandikishwa na BMU kipate kilo 200 za kwanza kwa bei nafuu, kwa mkopo wa safari moja unaokatwa mnadani samaki wakipimwa, na mwenye deni la safari mbili asipewe ya tatu. Kinachobaki baada ya saa fulani kiuzwe kwa bei kamili kwa yeyote. Daftari la kufanya hivyo lina safu tano: tarehe, nambari ya chombo, kilo, kulipwa, deni.

Na kuna wavuvi ambao barafu haiwasaidii kabisa. Kamba mawe wa Kizingitini thamani yake iko katika kuuzwa akiwa hai. Kumjengea mvuvi wa kamba mawe kiwanda cha barafu ni kumpa kofia mtu mwenye kiu. Yeye angefaidi matangi ya maji ya bahari yenye pampu ya hewa, na boti ya kufikisha mzigo Mokowe kabla ya jua kali. Anayeandika mpango akiwa Amu, yaani Lamu mjini, hawezi kulijua hilo bila kuuliza.

Tuifungue mashine kidogo. Hasara kubwa huanza kwenye ukurasa wa vipimo vya zabuni. Kondensa, ile sehemu yenye mapezi membamba inayotoa joto nje, kwa kawaida ni mapezi ya alumini juu ya mabomba ya shaba. Upepo wa chumvi ukiyapata, mapezi hugeuka unga mweupe, ukiyagusa kwa kidole yanabomoka. Joto halitoki, kompresa inafanya kazi mara mbili, stima inapanda, barafu inapungua. Dawa yake ni sentensi moja kwenye zabuni: kondensa iwe ya mazingira ya bahari, yenye mipako ya kuzuia chumvi. Sentensi hiyo isipokuwepo, mshindi halali ni mwenye bei ya chini, na bei ya chini ni mashine iliyotengenezewa hoteli ya bara. Hakuna aliyeiba. Wamenunua walichoandika.

La pili ni stima. Ukiwa mwisho wa laini, volteji hushuka jioni watu wakiwasha taa na friji. Mota ya fezi tatu, yaani inayotumia nyaya tatu za stima, ikikosa fezi moja, au ikipata volteji pungufu, hupata moto hadi waya zake ziungue. Kinga yake ni kifaa kidogo cha kuzima mashine stima ikiharibika, cha bei ya chini sana ukiilinganisha na kompresa. Huachwa mara nyingi mno.

La tatu, maji. Mji wa Lamu hunywa maji ya visima vya michanga ya Shela, lakini Pate na visiwa vingine visima vingi ni vya chumvichumvi, na watu wamezoea majabia ya maji ya mvua. Barafu ya maji ya chumvi huganda kwa shida, huwa laini na huyeyuka haraka. Tani 3 za barafu ni lita 3,000 za maji matamu kila siku, bila kuhesabu yanayomwagika. Kuyatoa jabia la kijiji ni kuwanyang'anya watu maji ya kunywa. Mtambo wa kuchuja chumvi ni gharama nyingine, stima nyingine, vichujio vingine vya kubadilisha. Mpango usiotaja chanzo cha maji haujakamilika, hata ukiwa na kurasa arobaini.

Siku ya kupokea mzigo, kamati ya ukaguzi na upokezi isitie sahihi kwa kuiona mashine imesimama. Iwashwe saa 24, barafu ipimwe kwa mizani, mita isomwe kabla na baada. Tani 3 ziwe tani 3. Hapo ndipo muuzaji bado anadai pesa zake na atarudi kurekebisha.

Boti na mashine za farasi 15 zinazogawiwa vikundi nazo zina ugonjwa uleule. Mashine ya watu ishirini haisuuzwi na mtu. Kila ikirudi baharini ipitishiwe maji matamu, la sivyo chumvi huziba njia za kupoza. Impela ya mpira ndani ya pampu ya maji huchakaa na hubadilishwa, haingojewi ivunjike. Ile ya kuchanganya mafuta hutaka nusu lita ya oili kwa petroli lita 25. Kijana akikisia kwa macho, pistoni huganda. Desturi yetu tayari ina fungu la chombo katika mgao wa samaki. Kikundi kikipewa boti, fungu hilo liandikwe kuwa ni la mashine, liwekwe benki, na nahodha awe mmoja anayejulikana. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu akija hatauliza hadithi. Ataomba orodha ya waliopokea, sahihi zao, na cheti cha usajili wa kikundi.

Mikopo ya kaunti nayo ina jambo letu mahususi. Riba. Mwanamke wa Siyu anayeuza vitambaa hachukui mkopo wa riba, na kumwambia kwamba asilimia 5 ni "ada ya usimamizi" hakumdanganyi. Ada inayokua kwa ukubwa wa mkopo na urefu wa muda anaijua jina lake. Suluhu si ngumu: ada iwe shilingi maalumu kwa kila faili, sawa kwa mkopo wa 50,000 na wa 300,000, ikilipia kazi halisi iliyofanywa. Au mfuko ununue bidhaa wenyewe na kumuuzia mkopaji kwa bei iliyotajwa wazi tangu mwanzo, alipe kidogokidogo. Lakini ukumbuke kanuni za 2015 za sheria ile ya fedha za umma zinaubana mfuko wa kaunti usitumie zaidi ya asilimia 3 ya bajeti yake kwa uendeshaji. Mfuko wa milioni 10 una 300,000 kwa mwaka mzima. Hebu jaribu kufuatilia madeni kutoka Kiunga hadi Witu kwa pesa hizo, ukilipa na boti. Ndiyo maana mfuko mdogo uliotawanywa kila wadi haurudishi. Bora wadi tatu kwa mwaka, kisha nyingine.

Msaada wa kusamehe ada ndio usioonekana kabisa, maana hakuna kinachonunuliwa. Hoteli ikisamehewa ada ya leseni, pesa imetoka mfukoni mwa umma sawasawa na kama ingelipwa. Ibara ya 210 ya Katiba inataka kila msamaha uwe umeruhusiwa na sheria, uandikwe pamoja na sababu yake kwenye rekodi iliyo wazi kwa umma, na uripotiwe kwa Mkaguzi Mkuu. Rekodi hiyo ni haki yako kuiona. Wachache huiomba.

Na kabla kaunti haijabuni mfuko mpya, ingewalipa wanaoidai. Mwenye mashua aliyebeba dawa, mama aliyepikia semina, fundi aliyepaka zahanati: hao wameikopesha kaunti bila riba na bila kuulizwa. Kuwalipa kwa wakati ni msaada wa biashara usiohitaji utepe.

Ukitaka kuufuata mradi mmoja, ufuate kwa tarehe. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Mradi usiokuwemo humo na ukatokea ghafla kwenye bajeti una mtu aliyeupenyeza. Waraka wa mkakati wa fedha ni Februari 28. Makadirio ya bajeti ni Aprili 30, na mwaka hufungwa Juni 30. Kwenye makadirio usitazame upande wa maendeleo peke yake, ambako mashine imeandikwa. Nenda upande wa matumizi ya kawaida ya idara ya uvuvi utafute stima, matengenezo na mafuta. Kama mashine ipo upande mmoja na upande wa pili hakuna kitu, umeshajua itafungwa lini. Hilo ndilo la kusema kwenye mkutano wa maoni ya wananchi, na Aprili ndio mwezi wa kulisema. Juni maji yameshamwagika.

Baada ya hapo ni barua. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuandika kwa Kiswahili, na maombi hayalipiwi ila gharama ya kunakili. Usiombe "taarifa kuhusu mradi", utapewa hotuba. Omba karatasi kwa jina: mkataba wa uendeshaji na sahihi zake, ripoti ya kamati ya ukaguzi na upokezi, ukurasa wa vipimo vya zabuni, jina lililo kwenye mita ya stima, na orodha ya waliopokea vifaa. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Siku 21 ambazo sheria inawapa wakujibu, zihesabu kuanzia tarehe ya muhuri huo.